Barakoa haitakiwi tena nje: Tahadhari ipi tuiache, ipi tuishike?

Tangu Ijumaa ya Machi 11, 2022, si kosa tena nchini Kenya kutembea barabarani au kuuza mboga sokoni bila barakoa. Siku hiyo Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kuondolewa kwa agizo la kuvaa barakoa mahali pa wazi, siku mbili tu kabla ya kutimia miaka miwili tangu kisa cha kwanza cha Covid-19 kuthibitishwa nchini, Machi 13, 2020. Nyumba za ibada ziliruhusiwa kujaa tena, mradi waumini wawe wamechanjwa. Mashabiki waliruhusiwa kurudi viwanjani kwa sharti hilo hilo. Karantini kwa waliopatikana na virusi ilisitishwa. Kwa shughuli za ndani, wananchi walihimizwa waendelee kuvaa barakoa.

Kwa wengi vijijini, tangazo hilo limehalalisha tu yaliyokuwa yakifanyika. Barakoa ilikuwa imeshahamia mfukoni au chini ya kidevu, ikingoja polisi waonekane ndipo ipande puani. Hata hivyo, kuna jambo kubwa lililobadilika. Kwa miaka miwili uamuzi ulikuwa wa serikali: saa ya kuingia nyumbani, idadi ya waombolezaji, viti vya matatu. Sasa sehemu kubwa ya uamuzi huo imehamia kwa mama anayemtunza mkwe wake mzee, kwa mchungaji na imamu, kwa kondakta, kwa mwenyekiti wa chama.

Wapo wanaosema tumefungua mapema mno, na wapo wanaosema tumechelewa. Makala hii inaangalia suala hilo kwa njia nyingine. Tahadhari hazikuwa sawa. Nyingine ziliwagharimu watu sana na kuzuia maambukizi kidogo. Nyingine hazina gharama kubwa na husaidia sana. Huu ndio wakati wa kuzitenganisha.

Tumefikaje hapa

Kufikia Machi 2022, takwimu rasmi zilionyesha kuwa zaidi ya watu 320,000 walikuwa wamethibitishwa kuambukizwa nchini Kenya na zaidi ya 5,600 walikuwa wamefariki. Lakini hao ni waliopimwa tu. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walio Kilifi walichunguza damu ya watu waliojitolea kuchangia damu, wakitafuta dalili kwamba mwili umewahi kukutana na virusi. Katikati ya mwaka 2020 walikadiria kuwa watu wapatao 4 kati ya kila 100 walikuwa wameambukizwa. Katika miezi mitatu ya kwanza ya 2021, makadirio yalipanda hadi karibu watu 49 kati ya kila 100. Hayo yalikuwa kabla ya wimbi la Delta lililofuata, na kabla ya Omicron iliyoenea Desemba 2021.

Maana yake ni kwamba Wakenya wengi wameshakutana na virusi hivi, wengine bila kujua. Miili yao ina kinga ya kiasi fulani. Hiyo ni sababu moja iliyofanya wimbi la Omicron, ambalo lilifikisha kiwango cha maambukizi zaidi ya asilimia 30 ya waliopimwa, lisijaze wodi kama lilivyofanya wimbi la Delta. Sababu nyingine ni chanjo. Lakini kinga hiyo hupungua kadiri muda unavyopita, na aliyewahi kuugua anaweza kuugua tena.

Sababu ya tatu ni umri. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na waliokuwa na miaka 60 na zaidi walikuwa milioni 2.7 tu. Covid-19 huwaumiza zaidi wazee na wenye maradhi kama kisukari na shinikizo la damu. Nchi yenye vijana wengi hupata vifo vichache kwa kila maambukizi mia.

Hapa kuna jambo ambalo takwimu za kitaifa hulificha. Wazee wetu wengi hawaishi mijini. Vijana ndio waliohamia Nairobi, Mombasa na Nakuru kutafuta kazi, na wazee wakabaki kwenye mashamba, mara nyingi wakilea wajukuu. Kwa hiyo kijiji, ambako vipimo ni vichache na visa vinavyohesabiwa ni haba, ndiko waliko wengi wa watu ambao ugonjwa huu unaweza kuwaua. Kusema kwamba Covid ni ugonjwa wa mjini ni kukosea mahali hatari ilipo.

Gharama waliyolipa wengi

Kafyu ilianza Machi 27, 2020 na kuondolewa Oktoba 20, 2021. Ni karibu miezi 19. Katika miezi ya mwanzo, mamlaka ya IPOA inayosimamia mienendo ya polisi ilipokea malalamiko mengi, na Juni 2020 ilisema kulikuwa na vifo 15 vilivyohusishwa na maafisa waliokuwa wakitekeleza kafyu. Mama wa kuuza samaki wa jioni alipoteza saa zake za biashara. Mwendesha bodaboda alipoteza abiria wa usiku, na mama mjamzito akapoteza bodaboda ya kumpeleka hospitalini.

Matatu nazo ziliamriwa zipunguze abiria. Gari la watu 14 likabeba 8, na nauli ikapanda ili kufidia viti vilivyobaki wazi. Agosti 9, 2021 magari yaliruhusiwa kujaza viti tena, ila wasafiri wa njia nyingi wanajua kwamba nauli haikurudi ilikokuwa.

Shule zilifungwa Machi 2020. Madarasa machache, yakiwemo ya watahiniwa, yalirudi Oktoba 12, 2020, na wanafunzi wengine wote wakarudi Januari 4, 2021. Kuna wasichana waliorudi na mimba, na wengine hawakurudi kabisa. Kuna wavulana waliozoea kazi ya bodaboda au machimbo, wakaona daftari ni mzigo.

Jirani zetu wa Uganda walilipa zaidi. Shule zao zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kwa sehemu, zikafungwa tena Juni 2021, na zikafunguliwa kikamilifu Januari 10, 2022. Wanafunzi takriban milioni 15 waliathirika, na kufungwa huko kumehesabiwa miongoni mwa kwa muda mrefu zaidi duniani. Hayo yalifanyika ilhali watoto ndio kundi lililokuwa katika hatari ndogo zaidi ya kufa kwa ugonjwa huu.

Tanzania ilichukua njia nyingine. Mwaka 2020, ilipokuwa imetangaza visa 509 na vifo 21, iliacha kutoa takwimu kwa zaidi ya mwaka mzima. Masoko yalibaki wazi na shule zilifunguliwa mapema, Juni 2020. Vibarua na wachuuzi waliendelea kupata riziki, na hilo si jambo dogo. Lakini mtu aliyetaka kujua kama wimbi limepanda, ili amzuie mama yake mzee asiende kwenye mkutano, hakuwa na pa kuuliza. Chanjo ilianza kutolewa huko Julai 28, 2021, siku ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani.

Ukiweka nchi hizi tatu kwenye mizani, unaona kwamba kufunga kila kitu kuna waathiriwa wake, na kunyamaza kuna waathiriwa wake.

Fikiria moshi

Ili kujua tahadhari ipi inafaa, lazima tujue virusi husafiri vipi. Mwanzoni mkazo mkubwa ulikuwa kwenye mikono, meza na noti za pesa. Sasa wanasayansi wanakubaliana kwamba njia kuu ni hewa. Mtu aliyeambukizwa anapopumua, kuzungumza, kuimba au kukohoa, hutoa chembechembe ndogo sana. Nzito huanguka karibu, nyepesi huelea hewani kwa muda.

Fikiria moshi wa sigara. Mtu akivuta sigara katikati ya soko la wazi, wewe uliye hatua kadhaa mbali huenda usiisikie hata harufu. Akivuta ndani ya matatu yenye madirisha yaliyofungwa, baada ya dakika chache kila abiria ameuvuta moshi huo, hata wa kiti cha nyuma. Hivyo ndivyo virusi hivi vinavyofanya.

Ukishika mfano huo, mambo mengi yanajipanga yenyewe. Gulio la kila wiki kwenye uwanja wazi si mahali pa hatari kubwa. Kulima pamoja, kuchunga, kuvuna chai au kuvua samaki hakukuhitaji barakoa. Kuondoa agizo la barakoa za nje, kwa hiyo, hakukuwa uzembe. Hatari iko sebuleni ambamo watu 30 wanakesha wakiimba usiku kucha madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya baridi. Iko ndani ya matatu siku ya mvua. Iko darasani ambamo vioo vimepigiliwa misumari visifunguke.

Na ndoo ya kunawia mikono? Isitupwe. Maji na sabuni huzuia kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo, na maradhi hayo hayajaenda popote. Ila tusidhani kwamba ndoo mlangoni mwa ukumbi uliofungwa kila upande inatosha kuzuia Covid.

Kwa nini wengi waliacha kutii

Watu hawakuchoshwa na barakoa peke yake. Walichoshwa na kuona sheria ikimbana mdogo na kumwacha mkubwa.

Mfano ni Kisumu. Mei 2021, virusi vya aina ya Delta vilithibitishwa huko. Juni 1, sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika mjini humo, na umati mkubwa ukajitokeza. Juni 18, kaunti 13 za magharibi na za ukanda wa Ziwa, kutoka Busia hadi Bomet, ziliwekewa kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Haiwezi kusemwa kwamba sherehe ndiyo iliyoleta wimbi, kwa kuwa Delta ilikuwa imeshafika. Lakini mkulima wa Siaya aliyeambiwa amzike babake mbele ya watu 50 tu alikuwa ameona umati huo kwenye televisheni wiki chache kabla.

Kabla ya hapo, mwaka 2020, kulikuwa na kashfa ya ununuzi wa vifaa vya Covid katika shirika la KEMSA, iliyomfanya Rais Uhuru Kenyatta kuagiza uchunguzi. Baadaye, Novemba 2021, serikali ilitangaza kwamba kuanzia Desemba 21 wasiochanjwa hawatahudumiwa katika ofisi za umma. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo kabla ya kuanza, huku katika maeneo mengi kituo cha chanjo kikiwa mbali na nyumbani kwa nauli ambayo kibarua hana.

Somo hapa ni la viongozi kuliko la wananchi. Amri inayotolewa bila kuelezwa, isiyomgusa mkubwa, na isiyompa mdogo njia ya kuitimiza, hudumu hadi pale askari anapogeuza mgongo. Hata sharti la Machi 2022 la waumini kuwa wamechanjwa lilikuwa na tatizo hilo. Nani angesimama mlangoni mwa kanisa la mabati kijijini kukagua vyeti vya wamama aliosoma nao? Sharti hilo lilikuwa la kubaki kwenye karatasi, ilhali madirisha ya kanisa hilo hilo yangeweza kufunguliwa Jumapili yoyote bila amri.

Chanjo ya mzee ndiyo ufunguo

Februari 1, 2022, Denmark iliondoa karibu masharti yake yote. Ilifanya hivyo watu wanane hivi kati ya kila 10 wakiwa wameshapata dozi mbili. Kwa upande mwingine, Hong Kong ilifaulu kwa miaka miwili kuzuia virusi kwa masharti makali, lakini wengi wa wazee wake waliozidi miaka 80 hawakuwa wamechanjwa. Omicron ilipopenya mwanzoni mwa mwaka 2022, vifo vilipanda hadi kuwa miongoni mwa vya juu zaidi duniani kwa kulinganisha na idadi ya watu. Omicron tunayoiita nyepesi haikuwa nyepesi kwa mzee asiye na kinga.

Kenya ilikuwa kati ya hao wawili. Kufikia tangazo la Machi 11, dozi takriban milioni 17 zilikuwa zimetolewa, na watu wazima waliokamilisha chanjo walikuwa chini ya theluthi moja. Tulikuwa na kinga nyingi iliyotokana na kuugua, ambayo Hong Kong haikuwa nayo. Lakini mzee aliyekaa bomani kwa miaka miwili bila kwenda mahali huenda hakuwa na kinga ya aina yoyote, na milango yote ilikuwa imefunguliwa.

Wengine huuliza: kama waliochanjwa nao huambukizwa, chanjo ina faida gani? Swali hilo ni la haki. Chanjo hizi hazizuii kila ambukizo, hasa la Omicron. Kazi yake kuu ni kuzuia ugonjwa usifike kwenye mapafu na kumfanya mtu ahitaji oksijeni. Kijana mwenye afya anaweza kuona tofauti hiyo kuwa ndogo. Kwa nyanya wa miaka 75 mwenye kisukari, anayeishi mwendo mrefu kutoka hospitali yenye oksijeni, tofauti hiyo ni kati ya kuugua wiki moja na kuzikwa.

Kwa hiyo kama kaunti ina gari moja la chanjo na siku chache za mafuta, liende kwanza kwa wazee. Liende kwenye gulio, kwenye siku ya kulipwa pesa za wazee, kwenye baraza la chifu. Wahudumu wa afya ya jamii wanajua boma lipi lina mzee asiyeweza kutembea. Na sisi wenye pikipiki tunaweza kumpeleka.

Mizani ya nyumbani

Yafuatayo hayahitaji askari na hayagharimu siku ya kazi:

Matanga: Ombolezeni, mchangie, mzike kwa heshima. Kesha ifanyike nje chini ya turubai lililo wazi kando, si ndani ya nyumba. Wazee waketi mahali penye upepo.

Ibada: Fungueni madirisha na milango pande mbili ili hewa ipite. Kama kuna mti mkubwa, vikundi vya wazee na wamama vikutane hapo.

Matatu: Dirisha moja la mbele na moja la nyuma yafunguke hata kidogo. Mvua ikinyesha na haiwezekani, hapo ndipo barakoa ina maana. Ibaki mfukoni kwa ajili hiyo.

Hospitali na zahanati: Vaa barakoa. Huko ndiko wagonjwa na wanyonge hukutana chumba kimoja.

Ukiwa na homa, kikohozi au mafua: Karantini imeondolewa, lakini busara haikuondolewa. Kaa mbali na mzee kwa siku kadhaa, lala chumba kingine ikiwezekana, na mtu mwingine ampelekee chakula. Mgonjwa akishindwa kupumua vizuri, midomo ikibadilika rangi au akichanganyikiwa, mpelekeni hospitalini mara moja.

Anayetoka mjini: Akiwa anakuja kumwona mzee na anakohoa, aahirishe wiki moja. Akija akiwa mzima, mazungumzo yafanyike uani.

Shule: Zibaki wazi. Hata wimbi likirudi, shule iwe ya mwisho kufungwa na ya kwanza kufunguliwa.

Yanayokuja

Miezi iliyofuata tangazo hilo ilikuwa na majaribu mawili. Mvua za masika huwaingiza watu ndani na kufunga madirisha. Kisha kulikuwa na kampeni za uchaguzi mkuu wa Agosti 9, 2022. Mkutano wa uwanjani hautishi sana, ila mabasi yanayowabeba wafuasi na kumbi wanamopangia mikakati ni hadithi nyingine. Zaidi ya hayo, Omicron ilitangazwa kusini mwa Afrika mwishoni mwa Novemba 2021, na kufikia Krismasi ilikuwa imeenea Kenya. Aina nyingine inaweza kuja kwa kasi hiyo hiyo.

Ndiyo maana serikali isiache kupima na kutangaza. Wananchi wameachiwa kuamua wenyewe, na uamuzi unahitaji habari. Takwimu zitolewe kwa kila kaunti, kwa lugha rahisi, kupitia redio na ujumbe wa simu. Iwapo masharti yatarudishwa, serikali ieleze ni kwa sababu gani, kwa muda gani, na yatamhusu nani, na viongozi wawe wa kwanza kuyafuata.

Nasi tukubaliane mapema nyumbani na katika vyama vyetu: tukisikia kwamba maambukizi yanapanda, barakoa zinarudi ndani, vikao vinahamia nje, na wazee wanakingwa kwa wiki chache hadi wimbi lipite. Soko litaendelea, watoto wataenda shule na shamba litalimwa. Aliyekwisha kuchanjwa amkumbushe ambaye bado, na asiye na nauli apewe lifti hadi zahanati.